Buto Mbili Kwenye Jipu ya Papa

Juzi nilipita mbele ya meza ya kijana anayetengeneza simu, na ile harufu ikanikamata. Harufu ya etaini, ile risasi ya kuunganishia, inapoyeyuka juu ya waya: tamu kidogo, kali kidogo, kama mtu amechoma sukari na msumari pamoja. Kijana akaniuliza, "Dada, simu yako iko na shida gani?" Nikamjibu simu yangu nzima. Akanitazama vile wanavyotazama vichaa, maana nilibaki pale pale, macho nimefumba, mpaka mteja mwingine akanisukuma na kiwiko.

Ninyi mliokua pamoja nami kwenye milima yetu mtanielewa. Kila mmoja wetu ana harufu inayomrudisha kwenye nyumba ambayo haiko tena. Wengine ni moshi wa kuni mbichi, wengine ni maziwa ya Masisi yaliyoanza kuganda kwenye kopo. Yangu ni etaini, kwa sababu mama yangu alikuwa anatengeneza redio.

Tulitoka Burungu, kwetu Masisi, kwa miguu, tukikimbia vita, na tulipochoka kukimbia tukajikuta kwenye kijiji kidogo juu ya Mubi. Kule Burungu macho yalikuwa na kazi. Unasimama mlangoni, unaona ng'ombe wa jirani kwenye kilima cha ng'ambo, unaona mvua ikija kabla haijafika, unaona mgeni na mzigo wake na unaanza kukisia amebeba nini. Huku Walikale msitu unashika barabara pande zote, na macho yanaishia kwenye jani la kwanza. Watu wa huku wanaishi kwa masikio. Mimi nilichukua muda kujifunza. Mwanzoni nilikuwa nauliza kila saa, "Nani anakuja?" na watoto wenzangu wananicheka: "Kwani weye uko kiziwi?"

Papa alikuwa shofere. Jipu yake ilikuwa nzee hata rangi yake tulikuwa tunabishana: Mama alisema ilikuwa ya buluu, Papa alisema kijani, na dada yangu Esperansi, mkubwa wetu tuliyemwita Espe, alisema ni rangi ya matope tangu ilipozaliwa. Ilipandisha chumvi, sabuni na samaki wa chumvi. Iliteremsha makemba, zile ndizi za kupika, na watu. Na kwa kuwa hakuna gari nyingine iliyokubali kupanda mpaka kwetu, iliteremsha wagonjwa pia.

Kutoka darajani mpaka kijijini ulikuwa mpando mmoja mrefu wa udongo mwekundu. Moteri ya jipu ilikuwa imechoka, ikifika pale inakosa pumzi. Basi Papa alikuwa amekata bomba la moshi kabla halijafika kwenye silansie, ile ngoma ya chini ya gari inayopunguza kelele, akaunganisha hapo bomba fupi lenye kimlango ndani. Kimlango hicho ndicho tulikiita klape. Klape ikifungwa, moshi unapitia silansie na jipu inaongea kama mtu aliye kanisani. Ikifunguliwa, moshi unatoka moja kwa moja, moteri inapumua, inapata nguvu, na kelele yake inatetemesha masufuria jikoni.

Kazi ya kuifungua na kuifunga ilikuwa ya Kasereka, konvuayeri wa Papa, utingo wake, kijana wa Butembo aliyepakia mizigo na kulala juu yake. Kila walipofika darajani alishuka, akalala kwenye matope, akazungusha chuma cha moto na koleo. Alikuwa analalamika kwa kuimba. "Papa Espe, miye niko muntu ao niko nyama ya kuchoma?"

"Vumilia, kaka. Ndiyo kazi."

"Kazi inakula mukono yangu, Papa!"

"Basi uko na ingine."

Sasa, sikilizeni vizuri hapa. Jipu iliyobeba watu walio hai na bidhaa ilipanda klape ikiwa wazi. Jipu iliyobeba maiti ilipanda klape ikiwa imefungwa, polepole, kwa gia ya kwanza, ikihangaika, maana huwezi kupiga kelele namna ile juu ya kichwa cha marehemu. Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Ilizaliwa yenyewe, na kijiji kizima kikaizoea. Ngurumo ikitokea darajani, watoto tulikimbia barabarani tukicheza na kupiga makofi, na wenye wageni waliweka maji ya bugali motoni. Lakini kama jipu ilikuja kimya, wanawake waliacha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, mchi unabaki juu, wanaume wanatoa kofia, na kila nyumba iliyokuwa na mgonjwa hospitali inatoka mlangoni.

Rafiki yangu Zawadi alikuwa na mama yake hospitali. Alikuwa msichana mwenye meno ya mbele yaliyoachana, anayejua kupiga mluzi kushinda wavulana. Kila siku tulisikiliza pamoja. Siku moja jua kali, ngurumo ikatokea darajani, ngurumo kamili, na Zawadi akanirushia mdogo wake mikononi akakimbia. Sisi wote nyuma yake. Alikuwa anacheza barabarani mikono juu, anaimba, "Mama wangu anakuya! Mama wangu anakuya!" na jipu ilipopunguza mwendo akarukia nyuma, akashika mbao, akachungulia.

Mama yake alikuwa amelazwa pale amefunikwa kitenge, mpaka kichwani.

Nilimsikia Zawadi akinyamaza. Sijui kama mnajua jambo hilo, kusikia mtu akinyamaza. Papa alizima moteri, akabaki ameshika usukani. Kasereka alishuka akilia mbele ya watu wote, anaonyesha kiganja kilichobabuka: matope yalikuwa yamekaukia kwenye chuma, klape iliyobaki wazi tangu mpando uliopita imegoma kufungwa, amejaribu mpaka ngozi imebaki kwenye koleo. "Nilijaribu, bamama. Nilijaribu, nawaapia." Hakuna aliyemgombeza. Ingekuwa afadhali wangemgombeza.

Jioni ile, mbele ya sahani ambazo hakuna aliyezigusa, Mama alisema, "Hii kitu haiwezi kurudilia. Nataka buto mbili ndani ya kabine. Moja ya kufungua, moja ya kufunga. Muntu asishuke tena mu matope."

Papa akainua macho. "Mama Espe, weye unatengenezaka redio. Ile ni gari."

"Fili ni fili," Mama akasema, akainua kipande cha waya.

"Fili ya redio haitembeake mu barabara."

"Na yako haiongeake Kifaransa. Niletee moteri ya esuiglasi."

Papa alicheka, mara ya kwanza siku ile. Lakini aliileta. Aliifungua kutoka kwenye lori moja iliyokuwa imekufa kando ya barabara miaka mingi, miti imeanza kuota ndani ya kabine yake: ile moteri ndogo ya umeme inayosukuma fimbo za kufuta mvua kwenye kioo. Kasereka alileta relé mbili za pikipiki, vijisanduku vyeusi vinavyolia "tak" umeme ukipita. Buto, vile vitufe vya kufinya kwa kidole, zilitoka kwenye pikipiki pia, moja ya honi na moja ya kuwashia.

Meza ya Mama ilikuwa chini ya dirisha, na mimi nilikuwa na kiti changu kando yake. Siku zile zilikuwa tamu kwangu, ingawa nyumba ya Zawadi, mlango wa pili, ilikuwa bado na matanga. Mama alichora njia za umeme kwa mkaa ukutani. Relé hii inazungusha moteri huku, ile inaizungusha kule. Alikata vipande vya bati kutoka kopo la nyanya, akavikunja kama ulimi. "Klape ikifika mwisho," aliniambia, "huu ulimi unasukumwa, umeme unakatika, moteri inasimama. Bila hivyo itaendelea kusukuma mpaka iungue. Moteri haina akili. Lazima mtu aiambie hapa ni mwisho."

Mara ya kwanza walifunga moteri karibu sana na bomba, na plastiki yake ikayeyuka, nyumba nzima ikanuka. Mama akaihamishia nyuma ya kiti, na kati yake na klape akapitisha kamba ya breki ya pikipiki. Mara ya pili alichanganya waya na ule wa taa za breki bila kujua. Papa akateremka kijijini akijivuna, akafika mbele ya kanisa wakati kwaya inafanya mazoezi nje, akakanyaga breki. Jipu ikanguruma mlipuko mmoja. Mbuzi wakaruka ukuta. Papa akashtuka akakanyaga tena, ikanguruma tena.

"Papa Espe!" mama mmoja wa kwaya akapiga kelele. "Gari yenu ilikula maharagi ya wapi?"

"Ya Masisi!" Papa akajibu dirishani, naye anakanyaga ya tatu makusudi.

Tulicheka mpaka machozi. Hata Mama, aliyekuwa amefunika uso na kitenge kwa haya.

Mwisho ilikubali. Unafinya buto, unaishikilia bila kuachia, unasikia "tak" ya relé, kamba inavuta, klape inazunguka mpaka ulimi wa bati unakata umeme. Kubwa lilikuwa kutochanganya buto hizo. Espe akatoa chupa yake ya rangi ya kucha, nyekundu, akapaka ile ya kufungua. "Mama, hiyo rangi yangu ya Noeli," alisema, "basi gari ikae na miye Noeli." Ya kufunga ilibaki nyeusi.

Na jipu haikudanganya tena. Ilipanda kimya kwa waliokufa na kwa ngurumo kwa walio hai, na watu walimwambia Mama aksanti njiani, hata baba yake Zawadi. Zawadi mwenyewe hakutoka tena barabarani. Alisikilizia ndani.

Mimi nilikuwa mtoto, na mtoto akipewa kitu cha ajabu anakiongezea. Nilikaa na kufikiri hivi: zamani jipu iliweza kusema uongo, ndiyo maana mama yake Zawadi alipigiwa ngurumo na bado alikuwa maiti. Sasa Mama ameitengeneza, haiwezi kusema uongo. Kwa hiyo Papa akifinya nyekundu, aliye ndani atakuwa mzima. Lazima. Jambo lilikuwa wazi kabisa kichwani mwangu, wazi kuliko hesabu za shule, na sikuelewa kwa nini Papa alikuwa anafinya nyeusi hata mara moja. Nilidhani ni kusahau. Nilidhani watu wazima wanachoka.

Espe alikuwa na mimba. Mume wake alikuwa mbali, Rubaya, kwenye mashimo ya madini, naye Espe alikuwa amerudi kwetu kuzaa mtoto wake wa kwanza mikononi mwa mama yake, kama ilivyo desturi. Alikuwa anakaa mlangoni miguu imenyooka, ananiambia niweke sikio tumboni. "Sikia, anapiga mateke kama Kasereka akibishana." Alikuwa tayari amempa jina. Hakuniambia; alisema jina linasemwa likiwa na mwenyewe.

Uchungu ulimwanza wakati mbaya, mvua haijakatika na Mama amelala na malaria, hawezi hata kusimama. Mama nesi wa kituo chetu alikuja, akamshika Espe tumbo, akakaa naye sana. Alipotoka nje uso wake ulikuwa umebadilika. "Papa Espe, twende Walikale. Sasa hivi. Mutoto amekaa vibaya, na ananichelewea." Wakatandika godoro nyuma ya jipu, wakafunga hema juu yake. Mama alijikokota mpaka mlangoni akishika ukuta, akamshika Espe uso kwa mikono miwili yenye homa.

Mimi nilimwendea Papa upande wa usukani. Alikuwa na haraka, anapangusa kioo na mkono.

"Papa, wakati wa kurudi, ufinye ya nyekundu."

"Nini?"

"Ya nyekundu. Usisahau. Ukifinya ya nyekundu, dada atakuwa mzima, na mutoto."

Papa aliniangalia. Matone ya mvua yalikuwa yanateremka kwenye ndevu zake. Ilionekana kama anataka kunieleza jambo refu, na hana wakati. "Ndiyo, mama," akasema. Aliniita mama kila siku. Lakini siku ile alilisema kana kwamba ni mimi mkubwa.

Wakaenda. Kwetu hakukuwa na rezo. Ukitaka kupiga simu ulipaswa kushuka mpaka Mubi, na jirani aliyejaribu alikuta mto umefunika njia ya mkato. "Tutulie," Mama alisema kutoka kitandani. "Jipu itatuambia." Homa ilimpanda na kumshuka. Jirani walikuja kupika, wakatwanga sombe kwa mchi mzito kwenye uwanja wetu, na wakawa wanaongea juu ya mambo mengine: bei ya chumvi, mwalimu mpya, kuku wa nani amekula mbegu za nani. Mimi sikuwa na wasiwasi. Ninaona aibu kidogo kusema hivyo leo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wakubwa wote walikuwa wanaogopa, na mimi nilikuwa natafuta kitenge kizuri cha kumpokea mtoto.

Ikawa alasiri, mvua imetulia, majani bado yanadondosha maji. Tukasikia moteri darajani. Mchi ukasimama hewani. Ilikuwa kimya, kimya cha klape iliyofungwa, kama kawaida ya kufika pale kabla ya Papa hajaamua. Mama mmoja akaweka mkono kifuani. Halafu sauti ikabadilika.

Haikuwa ngurumo. Haikuwa pia ile sauti ya kanisani. Ilikuwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia, ya kukwaruza, kama mtu mwenye kidonda kooni anayetaka kuita. Ikaanza kupanda mpando, inakohoa, inashika, inakohoa.

"Ni gari ya nani?" akauliza jirani.

"Haiko ya Papa Espe, ile."

"Ni yake. Sikia gia."

Mimi nikaruka. "Mama! Buto imeharibika! Fili imekatika, Mama!" Nikakimbia kwenye meza, nikachukua koleo na kipande cha waya, nikaanza kukimbilia barabarani kwenda kuitengeneza, maana nilijua kila waya, nilikuwepo, ningeirekebisha kabla hawajafika.

Mama alinishika mlangoni. Sikujua alivyotoka kitandani. Alikuwa ananiegemea kwa uzito wake wote, anasikiliza, na kichwa chake kimeinama vile alivyokuwa anainama juu ya redio inayosema chini chini.

"Haikuharibika," alisema.

"Mama, haiko wazi, haiko yenye kufungwa..."

"Ikiharibika inabaki huku ao kule. Katikati haisimamake yenyewe." "Papa yako ametoa kidole kwenye buto kabla ya mwisho."

Nilimwangalia nisielewe. Wanawake nao walikuwa wanamwangalia, wanangoja awaambie washushe vitenge waanze kulia, au wapige vigelegele. Mama akasema, polepole, kama anayehesabu nguvu alizobakiza, "Mama zangu, mupashe maji. Na ile bugali, muisonge."

"Mama Espe, ni maji ya nini? Ni maji ya kuosha ao..."

"Muisonge bugali," alisema tena. "Mutoto wangu anakuya."

Miaka ilipita kabla Papa hajanieleza. Alifika darajani akakumbuka nilivyomwambia. Akafinya nyekundu. Klape ikaanza kufunguka, naye akageuza macho kando akaona mtoto ambaye Espe alikuwa amemshika magotini, amefunikwa kitenge mpaka kichwani, na kidole kikatoka chenyewe. Akataka kufinya nyeusi. Lakini Espe mwenyewe alikuwa amekaa pale kando yake, anapumua, ametoka mikononi mwa kifo. Utapandaje kimya kama mtu aliyebeba maiti wakati binti yako yuko hai? Basi akaweka mikono yote miwili kwenye usukani akapanda vile vile. "Sikukuwa na buto ya ile," aliniambia.

Jipu ilisimama uwanjani. Kasereka alishuka nyuma, akafungua mlango wa mbele bila mzaha wowote. Espe alikuwa amekonda uso, midomo imekauka, na magotini kitenge kimekunjwa vizuri, kidogo, kimefungwa pembe zote. Hakukuwa na kelele ndani yake. Nilikuwa bado na koleo mkononi.

Wanawake hawakujua waimbe nini. Kuna nyimbo za aliyejifungua na kuna nyimbo za msiba, na kila mmoja wetu anazijua zote. Lakini mtu anaanzaje? Mmoja alianzisha ya shukrani, ya chini, akaiacha. Mwingine akajaribu ile ingine, akaona Espe anashuka kwa miguu yake mwenyewe, akaiacha pia. Wakabaki wamesimama midomo wazi, maji ya majani yakiwadondokea.

Espe akaja mpaka mlangoni. Akamwangalia Mama.

"Mama, niko na njaa," alisema.

"Njoo unipe yeye," Mama akamjibu, akanyoosha mikono.

Akampa. Akakaa kwenye kizingiti, na wakamletea bugali ya moto na sombe, sahani kubwa. Alikula. Sijawahi kuona mtu akila vile: matonge makubwa, moja juu ya lingine, machozi yanamtoka na anaendelea kutafuna, anapangusa pua na mgongo wa mkono na anaendelea. Hakuna aliyemwambia ale polepole. Sahani ilipoisha aliinyoosha, wakamwongezea.

Na muda wote huo Mama alikuwa amekaa kando yake na homa yake, amemweka mjukuu begani, kichwa chake kwenye shingo, anampigapiga mgongo taratibu na kiganja, vile mtoto aliyetoka kunyonya anavyopigwapigwa ili acheue, mpaka dada yangu alipomaliza kula.